Watchmen ya 2009: picha zote zilifika, mtaa ukaachwa njiani

Mashabiki wa katuni za mashujaa huuliza swali moja kila filamu mpya inapotangazwa: itafuata kitabu au itakiharibu? Wakishaitazama, hesabu inaanza. Vazi ni lile lile, sawa. Rangi ya barakoa, sawa. Tukio la ukurasa fulani limekatwa, hapo wamekosea. Kwa hesabu ya aina hiyo, Watchmen ya mwongozaji Zack Snyder, iliyoingia katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 6 Machi 2009, ingepaswa kuwa karibu na kileleni. Snyder alikitumia kitabu chenyewe kama mchoro wa kupangia kamera. Kuna mahali ukiisimamisha filamu na kuufungua ukurasa husika, vinalingana hadi namna mtu alivyosimama na upande ambao kivuli kinaangukia.

Na bado wengi waliokipenda kitabu walitoka ukumbini wakihisi wametazama hadithi nyingine iliyovaa nguo za ile waliyoijua. Ubishi ukahamia kwenye ngisi mkubwa wa sura ya mwisho, ambaye Snyder alimwondoa. Nadhani hapo ndipo ubishi ulipopotea njia. Uamuzi kuhusu ngisi unaweza kutetewa na unaweza kupingwa, na ndio uamuzi ambao angalau ulifikiriwa. Kilichoiangusha filamu kiko kwingine: katika namna inavyozitukuza ngumi na kuzificha maiti, na katika kuwaacha watu wa kona moja ya New York ambao kitabu kilikaa nao karibu tangu mwanzo hadi mwisho. Nitautaja mwisho wa hadithi bila kuficha, kwa kuwa bila huo kisa hiki hakichambuliki.

Kitabu chenyewe

Watchmen kilitoka kwa mafungu 12 kati ya 1986 na 1987, chini ya kampuni ya DC. Alan Moore aliandika, Dave Gibbons akachora, John Higgins akatia rangi. Wote watatu ni Waingereza. DC walikuwa wamenunua mashujaa wa kampuni ndogo iitwayo Charlton, na Moore alitaka kuwatumia hao. Kampuni ilipoona kwamba hadithi yake ingewaacha baadhi yao wamekufa na wengine hawafai kutumika tena, ikamwambia atunge wake. Captain Atom akamzaa Dr Manhattan, The Question akamzaa Rorschach, Blue Beetle akamzaa Nite Owl, Peacemaker akamzaa The Comedian.

Dunia yao ni Marekani ya 1985 iliyopinda kidogo. Nixon bado ni rais, Vietnam ilishindwa, na vita vya nyuklia na Urusi vinanukia. Mashujaa wa barakoa wamepigwa marufuku kwa sheria tangu 1977, isipokuwa wanaoitumikia serikali. Kati yao wote ni mmoja tu mwenye nguvu za ajabu: Jon Osterman, mwanafizikia aliyesambaratishwa na ajali ya maabara mwaka 1959, akarudi akiwa Dr Manhattan, mwili wa buluu unaoona jana na kesho kwa wakati mmoja. Waliobaki ni binadamu wa kawaida. Wanazeeka, wana vitambi, ndoa zimewashinda. Mmoja wao, Edward Blake, yaani The Comedian, anatupwa kutoka dirisha la nyumba yake ghorofani, na Rorschach anaanza kupeleleza. Mwishowe tunagundua kwamba muuaji ni mwenzao Adrian Veidt, tajiri mwenye akili kuliko wote, ambaye amepanga kuua mamilioni ya watu New York ili mataifa makubwa yaogope adui mmoja wa kubuni na kuacha kutishana.

Umbo la kurasa ndilo linalofanya kitabu hiki kiwe kigumu kuhamishwa. Kurasa nyingi za Gibbons zimegawanywa katika visanduku 9, vitatu kwa vitatu, mstari kwa mstari. Mapigo ni yale yale, ukurasa baada ya ukurasa, na msomaji ndiye anayeshika saa: anaweza kukaa kwenye kisanduku kimoja dakika nzima, kurudi nyuma kurasa 20 kutafuta ishara aliyoiruka, au kuutazama ukurasa wote kwa jicho moja. Sura ya tano imepangwa kama kitu na taswira yake kwenye kioo, ukurasa wa kwanza ukilingana na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho, mpaka zinakutana katikati. Hakuna filamu inayoweza kufanya hivyo, kwa sababu mtazamaji haoni mwanzo na mwisho pamoja. Kisha mwishoni mwa kila sura, ukiacha ya 12, kuna karatasi za kusoma: kumbukumbu za shujaa mstaafu, faili la polisi, makala ya gazeti, barua za ofisini.

Moore amesema kwa miaka mingi kwamba kitabu kilitengenezwa ili kuonyesha mambo ambayo katuni inayaweza na sinema haiyawezi. Alikataa jina lake kuandikwa kwenye filamu na akataka fungu lake la fedha apewe Gibbons. Ugomvi wake na DC ni hadithi ndefu. Kwa ufupi, mkataba uliahidi kwamba haki zitarudi kwa watunzi kitabu kikiacha kuchapishwa, na kitabu hakijawahi kuacha kuchapishwa. Ndiyo maana kwenye filamu utaona jina la Gibbons peke yake, kama mtunzi mwenza asiye na mwenza.

Miaka 20 ya kuzungushwa

Haki za filamu zilinunuliwa na studio ya Fox mwaka 1986, kabla hata mafungu yote hayajatoka. Sam Hamm aliandika muswada ambamo mashujaa wanaishia kutupwa katika dunia yetu, ambako wao ni wahusika wa katuni tu. Terry Gilliam alipewa kuongoza, akaishia kusema kwamba hadithi hii ukiikamua iwe ya saa mbili unaondoa kile kinachoifanya iwe yenyewe, na kwamba ingefaa zaidi mfululizo wa saa tano wa televisheni. Baadaye David Hayter aliandika muswada uliohamishia kila kitu wakati wa sasa, na Paul Greengrass akakaribia kabisa kuupiga picha mwaka 2005 kabla studio ya Paramount haijafunga mradi.

Snyder alipokabidhiwa kazi na studio ya Warner alikataa kuhamisha wakati. Akarudisha 1985, Nixon na hofu ya nyuklia. Kwa hilo anastahili sifa ambazo mashabiki wenye hasira hawampi, maana bila yeye tungepata filamu kuhusu vita dhidi ya ugaidi yenye jina la Watchmen. Wiki chache kabla ya filamu kutoka, Fox walikuwa bado mahakamani wakidai haki zao. Jaji aliamua mkesha wa Krismasi 2008 kwamba wana haki ya usambazaji, na Januari kampuni mbili zikapatana.

Palipofanikiwa

Sehemu bora ya filamu haimo kitabuni. Ni ule utangulizi wa majina, dakika chache za mwanzo ambapo wimbo wa Bob Dylan unasikika huku picha zikipita kama watu waliosimama kupigwa picha ya ukumbusho, wakitikisika kidogo tu. Tunaona mashujaa wa miaka ya 1940 wakijivunia mavazi yao, mmoja baada ya mwingine akiuawa, akifungwa, akisahauliwa. Tunamwona Kennedy akipeana mkono na Dr Manhattan, kisha tunaona ni nani aliyekuwa na bunduki Dallas siku Kennedy alipouawa. Kitabu kinayasema mengi ya haya kwa njia ya makaratasi yale ya mwisho wa sura, kwa vidokezo na nusu sentensi. Snyder aliyachukua, akaacha maneno, akatengeneza kitu ambacho sinema inakiweza na karatasi haikiwezi. Waliokulia kwenye vibanda vya video vya Dar es Salaam au Nairobi hawatashangaa: Lufufu na DJ Afro walitia maneno yao juu ya filamu za watu, wakamwita polisi wa Hong Kong jina la mtaani, na bado mtazamaji alitoka akiijua hadithi vizuri zaidi kuliko aliyeiona bila wao.

Sehemu nyingine ni ile ya Dr Manhattan akiwa Mars. Kitabuni ni sura ya nne, ameshika picha ya zamani na anakumbuka, ingawa kwake kukumbuka na kuona kesho ni jambo lile lile. Kwenye ukurasa tunauona 1959, 1966 na 1985 vikiwa jirani, visanduku bega kwa bega, na ghafla tunaelewa jinsi anavyoona. Filamu haiwezi kutuonyesha miaka mitatu kwa pamoja. Badala yake ilitumia kitu ilichonacho: sauti moja tulivu ya Billy Crudup isiyopanda wala kushuka, mkato wa picha kutoka mwaka mmoja hadi mwingine bila kuaga, na muziki wa Philip Glass unaojirudia rudia mpaka unapoteza hesabu ya muda. Jon anarudi ndani ya chumba cha majaribio kuchukua saa ya mpenzi wake aliyokuwa ameitengeneza, mlango unajifunga, na tunajua kitakachotokea kwa kuwa ameshatuambia. Kitabu kilifika hapo kwa njia yake na filamu kwa yake. Hata mavazi yana akili hiyo: suti ya Veidt ya plastiki yenye chuchu inaitania Batman ya 1997, kwa sababu kitabu kiliitania historia ya katuni na filamu ikaona inafaa iitanie historia ya filamu.

Kwa hiyo Snyder hakuwa mtu asiyejua tofauti kati ya picha na kazi ya picha. Ndiyo maana yanayofuata yanauma.

Mifupa kichochoroni

Angalia kifo cha Blake. Kitabuni wapelelezi wawili wanazungumza ndani ya nyumba iliyovunjwa, wakikisia kilichotokea, na katikati ya mazungumzo yao kuna visanduku vichache vya rangi nyekundu vikionyesha mtu mwenye umri wa miaka zaidi ya 60 akipigwa na kutupwa. Hatusikii kitu. Hakuna mapambano ya kuyashangilia; mzee anashindwa, basi. Filamu inaanza na pigano la dakika kadhaa. Kuta zinabomoka, visu vinarushwa, ngumi inapasua saruji, na mara kwa mara mwendo unapunguzwa ili tuone vizuri. Pigano limepangwa kwa ustadi, na hilo ndilo tatizo. Ghafla Blake na mpinzani wake ni watu wenye nguvu kuliko binadamu, na ile tofauti ambayo hadithi nzima inaitegemea, kwamba ni mtu mmoja tu duniani mwenye nguvu za ajabu, imefutwa kabla majina hayajapita.

Inaendelea hivyo hivyo. Dan na Laurie, Nite Owl na Silk Spectre wa zamani, wanavamiwa na vijana kwenye kichochoro. Katuni inachanganya visanduku vya ugomvi huo na mahojiano ya televisheni yanayomwangamiza Dr Manhattan upande mwingine wa jiji, na wawili hawa wanamaliza wakitweta, wameegemea ukuta, wanaoneana aibu kwa raha waliyoipata. Filamu pia inachanganya matukio hayo mawili. Lakini mfupa wa mkono unatokeza nje ya ngozi, na mtu anachomwa kisu shingoni. Wapenzi wawili waliochoka wamegeuka wauaji hodari, na filamu haionekani kuliona hilo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Rorschach gerezani. Mfungwa anamchokoza kwenye foleni ya chakula, Rorschach anammwagia mafuta ya moto, kisha anawaambia wafungwa waliobaki kwamba si yeye aliyefungiwa humo pamoja nao, bali wao ndio waliofungiwa pamoja naye. Kitabuni maneno hayo yanatufikia kupitia daftari la daktari wa akili, Malcolm Long, mtu mpole mwenye mke na karamu za chakula cha jioni, ambaye sura nzima inamfuatilia akivunjika kidogo kidogo kwa kumsikiliza mgonjwa wake. Tunayasoma maneno hayo kwa macho ya mtu aliyeogopa. Kwenye filamu Jackie Earle Haley anayapaza, kamera ikimkazia uso, na anaigiza vizuri mno. Ukumbi unapiga makofi. Hakuna neno la maana lililobadilishwa, na maana imegeuzwa juu chini, kwa kuwa anayesikiliza si daktari tena. Ni sisi, na sisi tumefurahi.

Kuna mahali filamu ilibadilisha hata kitendo, na ilibadilisha kwa kuongeza damu. Rorschach anapompata mtekaji aliyemuua mtoto, kitabuni anamfunga pingu kwenye jiko, anampa msumeno, anawasha moto na kutoka nje. Anasimama barabarani akiangalia nyumba inavyoungua. Ubaridi wa kisa hicho uko kwenye kusimama kule. Filamu inampa shoka la nyama na kichwa cha kupasua.

Watu wa kona

Sasa njoo kwenye kile kilichokosekana. Kitabuni, kuanzia sura ya tatu, tunarudi mara kwa mara kwenye kona moja ya New York. Kuna muuza magazeti aitwaye Bernard ambaye anajua kila kitu kuhusu vita vinavyokuja kwa kuwa anasoma vichwa vya habari. Pembeni yake kuna kijana mweusi ameketi chini akisoma bure katuni ya maharamia, na hadithi ya baharia aliyemo humo inaingiliana na yetu, mtu anayefanya ukatili mkubwa ili kuiokoa familia yake na kugundua kwamba hatari yenyewe ni yeye. Kuna dereva wa teksi anayegombana na mpenzi wake. Wapelelezi wanapita. Daktari Long na mkewe wanapita. Watu hawa hawaokoi chochote. Wengi wao hawakutani na mashujaa kabisa.

Mwishoni mwa sura ya 11 wote wanajikuta hapo kwa wakati mmoja. Dereva na mpenzi wake wanapigana barabarani. Mke wa Long anamwambia kwamba akienda kuamua ugomvi wa watu wasiomhusu, ndoa imekwisha. Naye anasema hawezi kupita, anakwenda. Muuza magazeti na kijana wamegundua dakika hiyo hiyo kwamba wana jina moja. Kisha mwanga mweupe, wanakumbatiana, na visanduku vinafifia mpaka karatasi tupu. Sura ya 12 inafungua kwa kurasa 6 mfululizo, kila moja ikiwa picha moja nzima. Baada ya kurasa zaidi ya 300 za visanduku vidogo, macho hayana pa kujificha. Maiti madirishani, maiti juu ya magari, magazeti yamelowa damu, na ukitazama vizuri unawatambua. Ni yule. Ni yule na mkewe.

Katika filamu iliyoonyeshwa sinema, yenye dakika 162, muuza magazeti na kijana wanaonekana kwa mpito tu, na kumbatio lao kwenye mlipuko linawapita wasiosoma kitabu bila kuwagusa. Long ana nafasi ya kuuliza maswali gerezani na basi. Hollis Mason, yule shujaa mstaafu ambaye kitabuni anauawa na genge la vijana kwa kosa lisilo lake, hafi kabisa. Na mlipuko wenyewe ni nuru ya buluu inayowayeyusha watu. Baadaye tunaoneshwa shimo, vyuma vilivyopinda, vumbi. Hakuna mwili hata mmoja wa kumtambua mtu.

Tafakari hapo. Filamu iliyotukaribisha kwa kamera polepole kuutazama mfupa ukivunjika kichochoroni, ilipofika kwenye mauaji ya mamilioni ikageuza uso. Sababu moja inaeleweka: ilikuwa 2009, na maiti mitaani New York, pembeni ya majengo yaliyobomolewa, lilikuwa jambo ambalo studio yoyote ingeliogopa. Bado matokeo ni yale yale. Kitabu kinaficha ngumi na kuonyesha maiti. Filamu inaonyesha ngumi na kuficha maiti. Swali ambalo Moore na Gibbons walitubebesha, kama Veidt alifanya sawa au la, linahitaji uwe umekaa na Bernard miezi kadhaa kabla hujamwona amekufa. Ukimwondoa Bernard, Veidt anabaki na hesabu tu, na hesabu yake ni nzuri.

Ngisi

Kitabuni silaha ya Veidt ni kiumbe kikubwa kama ngisi, kilichotengenezwa kisiri kisiwani na wanasayansi, wachoraji na waandishi waliotoweka, kisha kikahamishiwa katikati ya jiji na kufa kikitoa wimbi la mawazo linaloua. Dunia inaamini ni uvamizi kutoka nje ya ulimwengu huu. Filamu ikabadilisha: Veidt analipua miji kadhaa kwa nishati inayofanana na ya Dr Manhattan, na lawama zinamwangukia Manhattan.

Hoja ya waliobadilisha ina nguvu. Ngisi anahitaji kisiwa, wasanii waliopotea na mtu mwenye kipaji cha kuona kwa akili, mambo yanayotawanywa kitabuni kwa sura nyingi. Manhattan tayari yumo. Inapunguza uzi mmoja mrefu na kumpa Jon sababu ya kuondoka duniani. Kama ni uchumi wa hadithi, ni kazi safi.

Gharama yake ni siasa. Manhattan alikuwa silaha ya Marekani kwa miaka zaidi ya 20. Ndiye aliyewashindia Vietnam. Akilipua Moscow, kwa nini Warusi wamsamehe aliyemlea? Ngisi hakuwa wa mtu, na hapo ndipo ujanja wa Veidt ulipokaa. Tena kuna utani unaopotea: kwamba tajiri mwenye akili kuliko wote aliiokoa dunia kwa dubwana la katuni za bei rahisi, lililobuniwa na watu wanaotunga katuni. Mimi ningembakiza. Lakini aliyekasirika kwa sababu ya ngisi na hakukasirika kwa sababu ya Bernard, simwelewi.

Badiliko jingine la mwisho halikupigiwa kelele na naona ni baya zaidi. Kitabuni Veidt, peke yake na Manhattan, anaomba kama mtoto aambiwe kwamba alifanya sawa, kwamba mwishoni yote yamekuwa mema. Manhattan anamjibu kwamba hakuna kinachofikia mwisho, kisha anatoweka na kumwacha na jibu hilo. Katika filamu maneno hayo anapewa Laurie, anayemwambia Dan baadaye kwamba ndivyo Jon angesema, na yanageuka faraja ya wapenzi. Veidt naye anapata kipigo kutoka kwa Dan, aliyepiga yowe aliposhuhudia Rorschach akiuawa. Kitabuni Dan hakuona kifo hicho wala hakumpiga Veidt baada yake. Alikuwa amelala na Laurie, ameshakubali kunyamaza. Filamu haikuvumilia kumwacha shujaa wake bila ngumi ya mwisho.

Baada yake

Kwa fedha haikuwa balaa wala neema. Wikiendi ya kwanza Marekani iliingiza takriban dola milioni 55, ya pili ikashuka kwa theluthi mbili, na duniani kote ikafika kama milioni 185, kwa filamu iliyoripotiwa kugharimu si chini ya milioni 130. Mhakiki Roger Ebert aliipa nyota zote 4. Wengine waliiona sanamu ya nta.

Kama kufuata picha ndiko kufuata kitabu, bingwa angekuwa kitu kingine kabisa kilichotolewa na Warner kipindi hicho hicho: michoro halisi ya Gibbons iliyotikiswa kwa kompyuta, msomaji mmoja akiigiza sauti zote, wanaume kwa wanawake, vipande 12 vya jumla ya saa zaidi ya tano. Visanduku ni vile vile vya kitabu. Wachache wanakikumbuka.

Mwaka 2019 Damon Lindelof alifanya kinyume. Mfululizo wake wa televisheni ya HBO wa vipindi 9 haukuigiza ukurasa hata mmoja. Unaanzia Tulsa, Oklahoma, mwaka 1921, wazungu wanapochoma mtaa wa watu weusi, na unaendelea hadi miaka zaidi ya 30 baada ya ngisi, ambaye kwa Lindelof alikuwepo kweli. Wadogo zake bado hunyesha kama mvua, watu wanaegesha magari pembeni, wanawasha waipa, wanaendelea na safari. Shujaa wa kwanza wa barakoa, ambaye kitabu hakikuwahi kumfunua uso, anageuka kuwa polisi mweusi aliyeificha ngozi yake chini ya kitambaa. Hilo halimo kwa Moore. Ila linauliza swali la Moore, nani anavaa barakoa na kwa nini, katika nchi inayojulikana na mbele ya watu wenye majina na maduka. Ulipata tuzo 11 za Emmy. Nina malalamiko nao pia, hasa vipindi viwili vya mwisho vinavyokimbilia kufunga kila mlango.

Anayetaka kuitazama filamu ya Snyder leo namshauri aache ile ya dakika 162. Ya dakika 186 inarudisha kifo cha Hollis Mason. Ya dakika 215 inarudisha kona ya magazeti na kuichomeka katuni ya maharamia ndani yake, kwa uhuishaji, sauti ikiwa ya Gerard Butler. Ni ndefu, maharamia wanaingia wakati usiowataka, na utaangalia saa zaidi ya mara moja. Lakini Bernard yumo, anabwabwaja kuhusu vichwa vya habari kama kawaida yake, na mlipuko unapofika unajua ni nani aliyekuwa amesimama pale.